Mikono Iwashayo Katika Nchi ya Pareto

Wakulima wa milima ya Kisii na Nyamira wameanza tena kupanda pareto. Zao hili, ambalo asili yake ni Dalmatia katika pwani ya nchi iitwayo leo Kroatia, liliingia Kenya mwisho wa miaka ya 1920, nalo likafika katika mashamba ya Wagusii katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu Kenya ndiyo iliyoupa ulimwengu zaidi ya nusu ya pareto yake, na watoto wengi wa Masaba, Borabu, Nyamache na Kiabonyoru walisomeshwa kwa fedha za maua yale meupe. Halafu, katika miaka ya 2000, malipo yakachelewa mno, hata wakulima wengi wakang'oa mashina na kupanda chai, mahindi na migomba. Sheria ya mwaka 2013 iliifungua biashara hii kwa makampuni ya watu binafsi, na sasa miche yaonekana tena hapa na pale.

Juu ya bei na miche mengi yamesemwa, wala hatutayarudia hapa. Twataka kusema juu ya mikono ya wachumaji. Akina nyanya waliochuma pareto zamani walijua vizuri kwamba ua hili huwasha baadhi ya watu, na tena huwawasha vibaya: vidole huvimba, malengelenge madogo hutokea kati yake na juu ya viganja, kope za macho hufura, na ngozi ya shingo huwa nene na kupasuka. Vijana wa leo hawakuyaona mambo hayo. Yafaa wayajue kabla hawajaingia shambani na vikapu vyao, kwa maana mwenye kuwashwa asiyejua sababu hupoteza fedha nyingi kwa dawa zisizomfaa, na pengine huwasingizia watu wasio na kosa lo lote.

Ugonjwa wenyewe si mpya kwa matabibu. Mwaka 1921 huko Marekani zilichapwa habari za wafanyakazi wa viwanda vya pareto waliopatwa na ukurutu kwa sababu ya vumbi la maua. Hapa kwetu, Daktari J. H. Sequeira, tabibu wa ngozi mwenye sifa ambaye baada ya kazi yake ya London alihamia Kenya, aliandika juu ya uwasho wa pareto mwaka 1936 katika jarida la matabibu wa ngozi la Uingereza. Basi jambo hili lilijulikana miaka mingi kabla mkulima wa Kiabonyoru hajapanda shina lake la kwanza.

KINACHOUA MDUDU SICHO KINACHOMWASHA MTU

Watu wengi husema, na maneno yao yaonekana kuwa ya akili, "Kama ua hili laua mbu na mende, litaachaje kuichoma ngozi ya mtu?" Lakini sivyo mambo yalivyo. Dawa ya kuua wadudu iliyomo katika pareto huitwa pirethrini, nayo hukaa zaidi katika vijibegu vidogo vilivyo katikati ya ua. Kinachoamsha ukurutu ni kitu kingine, kiitwacho pirethrosini, ambacho wataalamu walikitambulisha mwaka 1972. Vitu hivi viwili hukaa pamoja katika ua moja kama wapangaji wawili katika nyumba moja, lakini kazi zao ni mbalimbali. Maua yanapofika kiwandani na dawa kukamuliwa na kusafishwa, sehemu kubwa ya kile kiwasho huondolewa. Kwa sababu hiyo mtu wa mjini anayenunua dawa ya mbu iliyotengenezwa kwa pareto iliyosafishwa vizuri ni nadra kupata ukurutu huu. Wapatao ni wale walioshika ua likiwa bichi, au waliolianika, au waliolisaga, yaani sisi wa shambani.

Pareto ina jamaa zake pia. Ni mmea wa ukoo mmoja na alizeti, na maua ya krisanthemu yanayolimwa kwa kuuzwa Ulaya, na lile gugu baya liitwalo parthenia ambalo limeingia sehemu nyingi za Kenya. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa pareto aweza kuwashwa na baadhi ya hawa jamaa, hata kama hajapata kuwagusa maisha yake yote.

NGOZI HUDHURIKA KWA NJIA MBILI

Ukurutu unaotoka katika kitu kilichogusa ngozi twaweza kuuita ukurutu wa mguso. Ni wa namna mbili, na mtu akizichanganya namna hizi hataelewa cho chote.

Namna ya kwanza ni ya kuunguza. Kitu chenyewe ni kikali, nacho humdhuru kila mtu amguseye kwa kadiri ya ukali wake na muda wa kugusana. Mfano ujulikanao na watu wote ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi, ambaye si nzi, wala hakuanzia Nairobi. Ni mende mdogo mwembamba, mweusi na mwekundu, aliyetusumbua sana wakati wa mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Anapopondwa juu ya ngozi ndipo sumu yake iitwayo pederini humwagika, na baada ya siku moja au mbili hutokea mstari wa malengelenge kana kwamba mtu amepitishiwa waya wa moto. Basi mwenye kumwona ampeperushe tu, asimpige kofi. Mpondaji awe mzee au mtoto, Mgusii au Mzungu, ataungua.

Lakini vitu vingi vya namna hii si vikali kama pederini. Hula ngozi polepole. Maji peke yake, yakirudiwa mara nyingi, huondoa mafuta ya asili yanayoilinda ngozi. Maji na sabuni huyaondoa upesi zaidi. Mama afuaye nguo za watu kwa ujira, akitia na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hupasuka vidole baada ya miezi kadha. Mchumaji wa chai wa Kebirigo au Nyansiongo huanza kazi majani yakiwa bado yamelowa umande, na ncha za vidole vyake huchubuka kwa kuvunja vikonyo siku nzima. Na kule Tabaka, wanaume hukata na kuchonga jiwe la sabuni, na akina mama hukaa mbele ya mabeseni ya maji wakilisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Jiwe lenyewe ni laini, nalo si adui mkubwa wa ngozi. Ila maji ya kutwa nzima na msasa unaokwangua vidole pamoja na jiwe hufanya kazi mbaya. (Vumbi lake kavu ni habari nyingine, tena kubwa, kwa maana hilo huenda mapafuni.)

Namna ya pili ndiyo ya pareto, nayo ni ya ajabu zaidi. Hapa kitu chenyewe si lazima kiwe kikali. Watu kumi waweza kukishika, na tisa wasione neno. Yule wa kumi huugua kwa sababu mwili wake umejifunza kukichukia.

MWILI HUJIFUNZA, NAO HAUSAHAU

Katika damu na ngozi zetu mna chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kulinda, kama askari wa zamu. Kitu kidogo sana kama pirethrosini huweza kupenya tabaka la juu la ngozi na kushikamana na nyama ya mwili. Askari wakikiona hukichukua, wakakipeleka kwa wenzao, na huko hukubaliana kwamba huyu ni adui. Mafunzo hayo huchukua kiasi cha wiki mbili, na kwa watu wengine hayaanzi ila baada ya miaka mingi ya kugusana. Wakati huo wote mtu haoni dalili yo yote. Lakini maadam askari wamekwisha kufundishwa, siku kitu kile kitakapogusa ngozi tena watakusanyika kupigana nacho. Na vita hivyo ndivyo tuvionavyo kama uvimbe, joto, malengelenge na mwasho.

Mambo mawili katika habari hii huwapoteza watu, nasi twaomba msomaji ayaangalie sana.

La kwanza ni kwamba kuzoea si kinga. Tuseme yupo mama wa Kiabonyoru aliyechuma pareto miaka minane bila taabu. Mwaka wa tisa mikono yake yavimba. Jirani amwambia, "Ni hayo maua, dada." Naye ajibu, "Hata! Maua haya nimeyachuma tangu nilipoolewa. Yangekuwa na ubaya ningaliuona zamani." Jibu lake laonekana kuwa na nguvu, kumbe halina. Ile miaka minane ndiyo iliyokuwa shule ya askari wake.

La pili ni kwamba mwasho huchelewa. Katika namna hii ya ukurutu, dalili hutokea baada ya siku moja, mbili, au hata tatu tangu kugusa. Mama yule alichuma Jumatatu. Jumanne alipalilia maharagwe. Jumatano asubuhi alifua kwa sabuni mpya aliyoinunua Keroka, na jioni mikono ikaanza kumwasha. Atashtaki nini? Hapana shaka atashtaki sabuni, ama chakula alichokula mchana kwa shemeji yake. Na kama kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba kati yake na mtu, huenda yakasemwa maneno mabaya zaidi, ambayo katika nchi yetu yamekwisha kuleta msiba. Wakati huo ua la Jumatatu limo guniani, limetulia, hakuna alitajaye jina.

Kuna na jambo la tatu, nalo lawahusu hasa wale wanaorudi kwenye zao hili. Askari waliofundishwa kwa kawaida hawasahau mafunzo yao maisha yote. Mtu aliyewashwa na pareto zamani, akang'oa mashina yake akakaa miaka kumi na mitano pasipo kuligusa, asidhani ya kuwa amepona tabia ile. Akichuma tena, yamkini siku ya pili au ya tatu ataona mikono yake imefura. Kwa nyumba ya namna hiyo ni afadhali mashauri yafanyike mapema, kabla ya kununua miche, juu ya nani atakayechuma na nani atakayeanika. Kuchuma na kuanika kwa desturi kumeachiwa akina mama na watoto watokao shule, wakati fedha hupokelewa na mwingine. Twaona si haki kwamba mwenye mikono yenye vidonda awe wa mwisho kuulizwa.

WASHTAKIWA WENGINE

Tusiitwike pareto kila kosa. Fundi wa nyumba aliye na ukurutu mikononi aitazame saruji yake. Saruji mbichi ni kali kwa chokaa yake, hivyo huunguza kwa namna ya kwanza; na tena ina kromi, ambayo huwafundisha askari wa mwili kwa namna ya pili. Huko Ulaya, tangu mwaka 2005, saruji haikubaliwi kuuzwa kwa watumiaji ikiwa na kromi ya namna hiyo inayozidi sehemu 2 katika kila milioni. Huko Denmark walikuwa wamekwisha kuanza tangu mwaka 1981 kutia dawa ya chuma ya kuipunguza, na ukurutu wa mafundi ukapungua.

Hereni, vifungo vya mikanda na saa za bei rahisi mara nyingi vina nikeli. Msichana ambaye ndewe zake hutoa maji kila avaapo hereni, au kijana mwenye alama nyeusi chini ya kitovu pale pagusapo kifungo cha mkanda, hana haja ya kutafuta sababu mbali. Rangi ya kutia nywele nyeusi huvimbisha uso wa wengine mpaka macho yasifumbuke; watu wazima wapakao rangi hiyo kuficha mvi na waangalie. Mpira wa glavu, wa makubazi na wa buti una dawa ambazo huwakataa baadhi ya watu. Na katika mambo ya kusikitisha ni kwamba hata dawa ya kutibu yaweza kuwa adui: neomisini, ambayo hutiwa katika malhamu nyingi za vidonda, ni mojawapo ya vitu vijulikanavyo sana kwa kuleta ukurutu. Mtu hupaka, ukurutu huzidi, naye huongeza kupaka.

Sasa, si kila kiwashacho mwili ni ukurutu wa mguso. Upele utokanao na vijidudu huwasha zaidi usiku, hukaa kati ya vidole na kiunoni, na kwa kawaida watu wawili watatu wa nyumba moja hujikuna pamoja. Huo huambukiza, na nyumba nzima hutibiwa kwa siku moja. Choa hufanya duara lenye ukingo. Ukoma hufanya doa lisilosikia mguso, wala haliwashi. Ukurutu wa mguso hufuata mipaka ya kitu kilichougusa: mikono ya mchumaji, shingo na kope ambako vumbi limetua, kifundo chini ya saa. Wala hauambukizi hata kidogo. Maji ya malengelenge hayawezi kuupeleka kwa mtoto wala kwa mume, na mwenye nao hana haja ya kutengewa sahani wala kitanda. Linalohama ni lile vumbi la maua lililo katika kucha na nguo.

Twaongeza neno juu ya rangi. Vitabu vingi vya Ulaya huandika kwamba ngozi iliyougua huwa nyekundu. Katika ngozi zetu wekundu huo hauonekani sana. Mahali palipougua huwa peusi zaidi ya penginepo, au pa rangi ya zambarau, au pa kijivu penye magamba, na vipele vidogo huonekana vimesimama. Baada ya kupona, doa jeusi huweza kubaki miezi mingi. Doa hilo si ugonjwa, nalo halihitaji krimu za kuchubua ngozi, ambazo zaweza kuanzisha uwasho mwingine juu ya ule wa kwanza.

YA KUFANYA

Dawa ya kwanza ni kuachana na kitu chenyewe, na pasipo hiyo dawa nyingine zote ni kupoteza shilingi. Mwasho ukiwa mkali, kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi huutuliza. Ngozi ikishakauka ipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, mara nyingi kwa siku. Tabibu aweza kutoa krimu ya steroidi, nayo hufanya kazi vizuri ikitumiwa kwa siku alizoziandika. Lakini kuinunua dukani na kuipaka miezi na miezi, hasa usoni, hufanya ngozi iwe nyembamba na dhaifu. Majani makali na utomvu wa miti uunguzao visitiwe kabisa juu ya ngozi iliyopasuka.

Kwa wachumaji ambao hawajapatwa: mikono mirefu ya shati, kitambaa shingoni, na kutojifuta uso kwa mkono wenye vumbi la maua. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni laini mara kazi inapokwisha, ikaushwe, ipakwe mafuta. Nguo za shambani zifuliwe mbali na nguo za watoto. Maua yaanikwe nje juani, yasiwekwe katika chumba cha kulala, kwa sababu vumbi lake hutua usoni mwa aliyelala. Glavu zafaa ikiwa ni safi ndani. Glavu iliyoingiwa na vumbi la pareto ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa kuwa hulifungia vumbi pamoja na jasho. Aliyekwisha kupatwa vibaya na aachiwe kazi nyingine ya shamba, kama kukamua ng'ombe au kuangalia migomba, na kuchuma kufanywe na wengine.

Ikiwa sababu haijulikani, ipo njia ya kuitafuta. Mwaka 1895 tabibu Mjerumani Josef Jadassohn alionyesha kwamba kitu kinachoshukiwa chaweza kuwekwa kwa kiasi kidogo juu ya ngozi nzima, chini ya kitambaa, na kuangaliwa. Njia hiyo yatumika hata leo: vitu vingi mbalimbali hubandikwa mgongoni, huachwa kwa saa 48, huondolewa, kisha mgongo hutazamwa wakati huo na tena baada ya siku moja au mbili zaidi. Penye adui hutokea kipele. Kazi hii ni ya matabibu wa ngozi. Mtu asijaribu nyumbani kujibandika ua bichi, kwa maana aweza kujiunguza au kuwafundisha askari wake jambo ambalo hawakulijua. Matabibu hao si wengi katika nchi zetu, ingawa Moshi, huko Tanzania, kuna chuo ambacho tangu mwaka 1992 kimewafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi.

Aendaye kwa tabibu, awe ni wa zahanati ya karibu au wa hospitali kubwa ya Kisii au ya Nyamira, asiende na mikono tu. Kwa muda wa wiki mbili kabla ya kwenda aandike katika daftari kila siku alichokishika: shambani, jikoni, kwa ng'ombe, sokoni, na aandike siku na saa mwasho ulipoanza au ulipozidi. Asiyejua kuandika mtoto wake wa shule amwandikie. Achukue sabuni anayoitumia, na kila malhamu aliyopakwa, hata ile aliyopewa na jirani isiyo na jina, na maua machache ya pareto katika karatasi iliyokunjwa vizuri. Tabibu akilisoma daftari hilo atahesabu nyuma siku moja, mbili na tatu kutoka kila siku ya mwasho, aone ni kitu gani kinachojirudia.